Milio ya Meza ya Bi Wino

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na bati la ofisi yetu likaanza kelele zake za kila mwaka. Lakini halikufua dafu mbele ya kompyuta ya Bi Wino.

Naandika haya nisije nikapiga ukelele mbele za watu. Meza yangu na yake zimepeana migongo; nikirudisha kiti nyuma kidogo, nagonga chake. Mimi napokea fomu na kuzihakiki, yeye anaziingiza kwenye mfumo na kuchapa vyeti, vya kuzaliwa na vya kufa. Kila anayeingia duniani na anayetoka katika eneo letu anapita mikononi mwetu, angalau kwa herufi. Kazi naipenda. Kompyuta ya Bi Wino ndiyo siipendi. Akiiwasha inaimba. Akibonyeza kitufe cha herufi kubwa, tii! Akikibonyeza tena, tuu! Akiruka kisanduku, kengele. Akihifadhi, tarumbeta ndogo, utadhani mfalme ameingia. Leo nimehesabu mpaka wakati wa chai: mia moja na kumi na mbili.

Jumanne, 5 Machi

Mia mbili na tatu, siku nzima. Kichwa kinanigonga.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia, tena kwa adabu zote.

"Mama, hizo sauti za kompyuta zinaweza kuzimwa, unajua?"

"Najua, mwanangu. Ziache tu. Mimi zinanisaidia."

"Zinakusaidia nini?"

"Zinanichangamsha," akasema, akacheka, akaendelea. Tii! Tuu!

Hajui kuzizima na anaona haya kusema, basi. Bi Wino ni mtu wa enzi ya kalamu. Jina lenyewe alipewa zamani, vyeti vilipokuwa vinaandikwa kwa mkono, kwa sababu watu walikuwa wanakataa kuandikiwa na mwingine. Wanasubiri mwandiko wake. Amebakiza miaka miwili astaafu. Mkuu wetu wa kitengo hapitishi mkutano bila kutukumbusha kwamba katika miaka thelathini na moja hakuna cheti cha Bi Wino kilichorudishwa kwa kosa lake. Sisi wengine tunatazama viatu.

Jumanne, 12 Machi

Nimezizima.

Mkuu alimwita Bi Wino ofisini kwake, akaondoka akiacha kompyuta wazi. Redio alikuwa kaunta na foleni yake. (Redio ni karani wa kaunta. Tunamwita hivyo kwa sababu hana pa kuzimia.) Nikahamia kwenye kiti cha Bi Wino. Kilikuwa bado na joto. Nikabofya alama ya spika pale pembeni chini, nikafungua orodha ya sauti, nikachagua "Bila sauti". Nikaondoa tiki ya wimbo wa kuwashia. Milio ya vitufe haikuwa hapo. Niliitafuta mpaka nikaikuta kwenye ukurasa wenye picha ya kiti cha magurudumu, mipangilio ya watu wenye mahitaji yao. Nako kulikuwa na tiki. Nikaitoa. "Sawa", "Sawa", nikafunga. Dakika mbili hazikufika. Nilichokumbuka kuchekea ni maandishi ya kompyuta yake, makubwa kama ya bango la barabarani.

Aliporudi, akakaa, akabonyeza. Kimya.

Kusema kweli nilijisikia kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Jumatano, 13 Machi

Mvua kubwa kutwa. Bi Wino aliipiga spika yake makofi mawili, akaisogeza karibu. "Mvua ya leo imeziba masikio," akasema. Redio akajibu, "Si masikio, Bi Wino, imeziba hata barabara." Nimehakiki fomu sitini. Sijawahi kufikisha sitini.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Kimya kitamu.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua.

Jumatano, 20 Machi

Cheti kimerudi. Cha Bi Wino! Jina la ukoo nusu herufi kubwa nusu ndogo, kama lililoandikwa ndani ya gari linaloruka mashimo. Redio alikipunga juu: "Jamani, niite waandishi wa habari?" Tukacheka wote, na Bi Wino akacheka. Kisha akakichukua, akaenda nacho dirishani, akakitazama muda mrefu kuliko ambavyo cheti kinahitaji kutazamwa.

Nami nilicheka. Naliandika hili kwa sababu tangu jioni kicheko hicho kinanirudia.

Ijumaa, 22 Machi

Vitatu vimerudi. Kimoja tarehe haina mwaka. Mkuu alikuja mpaka mezani, akasimama, akaondoka bila kusema. Kwa mtu mwingine tungezoea vyeti kurudishwa.

Jumatatu, 25 Machi

Leo mvua haikunyesha. Mbingu zilikuwa kavu tangu asubuhi, bati kimya, chumba kimya hata unasikia kalamu ya mtu. Bi Wino alifika mapema akawasha kompyuta. Nilimsikia akibonyeza kitufe kile kile, mara moja, mara mbili, mara tano. Halafu kiti chake kikageuka.

"Mwanangu."

"Naam, Mama."

"Hii kompyuta yangu. Inalia?"

Mkuu alikuwa mlangoni anazungumza na Redio. Ofisi yetu ina sheria moja iliyobandikwa ukutani kwa herufi nyekundu: ni marufuku kugusa kompyuta ya mwenzako. Nikisema hailii, ataitwa fundi wa kompyuta, na fundi ataona kwa jicho moja tu kwamba sauti zimezimwa na mtu. Haya yote nayajua sasa ninapoandika. Pale sikuwaza hata moja. Mdomo ulitangulia.

"Inalia," nikasema.

Akabonyeza tena, huku amenikazia uso. "Hata sasa?"

"Hata sasa, Mama."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Akageuka. Mgongo wake ukawa umekakamaa, kama wa mtoto aliyeambiwa asitikisike. Sikuhakiki fomu hata moja mpaka saa tano.

Nimejaribu kujitetea tangu nitoke kazini. Ni sauti tu. Sijamwibia mtu. Sikumtukana. Lakini kila nikifika mwisho wa utetezi nakutana na lile "hata sasa".

Jumanne, 26 Machi

Nitamwambia kesho.

Jumatano, 27 Machi

Mvua ilirudi, nikafurahi. Hebu ona mtu nilivyofikia, kufurahia mvua kwa sababu inanisitiri.

Alhamisi, 4 Aprili

Bi Wino aliomba ruhusa ya nusu siku. Alipokuja mchana, aliegemea meza yangu, akanong'ona. Kati ya wote waliomo chumbani amenichagua mimi wa kunong'onea.

"Nimetoka kwa daktari wa masikio."

Nikamuuliza kuna nini, kana kwamba sijui.

"Amenipima kwa kile kimashine. Anasema si mabaya kwa umri wangu. Lakini anasema sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Ndiyo hiyo basi. Watu nawasikia, mvua naisikia, wewe nakusikia. Kompyuta siisikii." Akajipangusa mikono kwa leso, ingawa haikuwa na maji. "Kwanza..." akasita.

"Kwanza nini, Mama?"

"Hakuna. Usimwambie mtu, mwanangu."

Nikamwahidi. Ahadi hiyo ilikuwa rahisi kupita zote nilizowahi kutoa, na ndiyo inayonitia kinyaa zaidi.

Jumatatu, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naanzia mlangoni.

Saa tatu hivi aliingia mama mmoja amelowa, bila mwavuli, ana bahasha ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimtambua. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake nyuma ya soko. Wiki iliyotangulia fomu zake zilipita kwangu, mbili kwa pamoja: ya kuzaliwa na ya kufa. Mtoto wa kike wa siku tisa. Mimi ndiye niliyehakiki, na fomu zilikuwa sahihi kila herufi.

Hakuangalia foleni. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Wino, kwa sababu saini ni yake, akaweka vyeti viwili mezani kando kwa kando. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Mama, nisomee hiki."

Bi Wino akakiinua karibu na uso. Karibu mno. Midomo ikacheza bila kutoa neno.

"Basi nitakusomea mimi," akasema fundi. "Hiki cha kuzaliwa ni cha binti yangu. Hiki cha kufa ni cha mvulana. Herufi moja imeruka, na hapa chini wameandika 'me'. Nilikipeleka makaburini, mlinzi akanakili kwenye daftari lake kama kilivyo. Sasa kwenye daftari amelala mvulana. Mimi sikuzaa mvulana."

Redio aliacha foleni yake, akageuka.

"Hana picha," akasema. "Siku tisa, nani anapiga picha. Nguo nilizomshonea nimewapa wengine, sikuweza kuzitazama. Jina lake limebaki kwenye karatasi hizi tu. Nanyi mmeliandika la mtu mwingine."

Bi Wino alisimama. Ni mtu mzima, magoti yake hayapendi kusimama ghafla, lakini alisimama wima mbele ya yule mama, mikono ameishusha, kama mwanafunzi. "Ni kosa langu," akasema. "Sina la kujitetea. Nisamehe, mama."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama mimi.

Maana naujua mfumo wetu. Ukiandika cheti cha kufa ambacho jina au jinsia haviwiani na cha kuzaliwa, mfumo unatoa onyo. Maandishi madogo mekundu juu pembeni, ambayo hayakui hata ukuze skrini vipi, pamoja na kengele ndefu, mara tatu. Kengele ile nilikuwa nikiisikia wiki zote zile nikaihesabu pamoja na usumbufu mwingine. Siku Bi Wino alipoandika cheti hiki, kengele haikulia. Mimi niliizima.

Nilijua haya yote nikiwa nimekaa. Nilijifanya natafuta fomu kwenye droo. Nilifungua droo, nikafunga, nikafungua. Fundi alipopita kwangu kutoka, tone la maji kutoka kwenye nguo yake lilianguka kwenye fomu yangu, nami nikalipangusa.

Mkuu amempa Bi Wino barua ya kujieleza. Siku tatu.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemwambia dada, ninayeishi naye. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho na kalamu nyekundu mkononi.

"Kwa hiyo mama wa watu anajiona kiziwi."

"Ndiyo."

"Na wewe unakaa nyuma yake unamsikiliza akijiona kiziwi."

"Dada, nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Wewe tangu utoto hivyo hivyo," akasema. "Ukivunja kitu unanyamaza, halafu mama anakusifu una adabu." Akarudi kwenye madaftari yake. Baadaye akaongeza, bila kuinua kichwa, "Zirudishe, kisha umwambie. Yote mawili. Usifanye moja ukaona umemaliza."

Jumatano, 10 Aprili

Nimefanya moja.

Bi Wino alipokwenda kwa mkuu kupeleka maelezo yake, nilizirudisha sauti zote, mpaka tiki ya ukurasa wa kiti cha magurudumu.  Nilipanga akirudi nimwambie hapo hapo. Maneno nilikuwa nayo.

Akarudi, macho mekundu, akakaa, akabonyeza.

Tii!

Nikasikia pumzi yake ikikatika. Akabonyeza tena. Tuu! Tena. Tena. Kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kicheko kilichochanganyika na kilio. "Nasikia! Mwanangu, nasikia! Masikio yamerudi!" Akanishika mabega kutoka nyuma, akanitikisa. Redio akaja mbio. Bi Wino akamweleza kila kitu kwa sauti, siri yake yote, daktari, kimashine, siku ngapi ameomba dua, na jinsi leo hii, saa hii, Mungu amemjibu. Akalia kwenye leso yake.

Redio, mtu wa mzaha, hakufanya mzaha. Alisema, "Ashukuriwe."

Wakanitazama.

"Ashukuriwe," nikasema.

Alhamisi, 11 Aprili

Bi Wino ameleta peremende za kugawa ofisi nzima. Alinipa mbili, kwa sababu, alisema, mimi ndiye niliyemtunzia siri. Zimo kwenye mkoba. Siwezi kuzila wala kuzitupa.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemwambia.

Nilimwomba tuingie chumba cha majalada, nikafunga mlango. Kule kuna madaftari ya zamani, mengi kwa mwandiko wake. Nikasema nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu anayetema kitu: nilizizima mimi, tarehe kumi na mbili mwezi uliopita; nilikudanganya zinalia; nimezirudisha mimi Jumatano. Masikio yako hayakuwa na kitu.

Alikaa juu ya sanduku la karatasi.  Mvua ilikuwa inapiga bati, akangoja ipungue kidogo ndipo aseme.

"Kwa nini?"

"Zilikuwa zinaniudhi, Mama. Nilidhani unaziacha tu."

"Ulidhani naziacha kwa ajili ya muziki?" Akajishika kope kwa vidole viwili. "Sioni. Mwaka wa pili huu. Kile kioo ni ukungu mtupu, naona tu kwamba kuna maandishi, kama mtu anayeona watu kwa mbali asijue ni nani. Yule fundi wa kompyuta aliniwekea milio kwa siri. Nikajizoeza. Herufi kubwa, najua. Kosa, najua. Imehifadhiwa, najua. Nilikuwa nasikiliza kile macho yanachoshindwa. Halafu siku moja nikaamka nako kumezimika. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri nafungwa mlango mmoja baada ya mwingine."

Nilimwambia nisamehe. Nilirudia mara nyingi mpaka neno likawa halina maana.

"Kuzizima, huo ni utoto," akasema. "Kunidanganya, ni woga. Hayo nayajua, nimeishi na watu. Lakini Jumatano ulisimama pale. Uliniona nalia. Ukaniacha nimshukuru Mungu kwa kazi ya mkono wako, na ukaitikia."



"Nitakwenda kwa mkuu," nikasema. "Sasa hivi. Nitamwambia makosa ni yangu."

"Atakuuliza kuzima sauti kunaletaje makosa. Utamjibu nini?"

Nikatazama madaftari yake kwenye rafu.

"Unaona? Unataka kutubu kwa macho yangu." Akainuka akishika rafu. "Nimebakiza miaka miwili. Nikitoka leo, nitatoka kama mzigo, watu wakinishika mkono. Usiseme lolote mpaka nikuambie, binti."

Binti. Akafungua mlango, akaniacha na madaftari yake.

Jumanne, 16 Aprili

Hakuniitikia salamu.

Jumatano, 17 Aprili

Hakuniitikia.

Ijumaa, 19 Aprili

Milio nayo haina raha masikioni mwangu sasa, lakini kwa namna nyingine. Kila kengele nageuza kichwa. Leo kengele ndefu imelia mara tatu, akasimamisha vidole, akarudi nyuma, akarekebisha. Cheti cha mtu mmoja kimepona. Nimeshukuru kimoyomoyo, nikaona haya hata kushukuru.

Jumatano, 24 Aprili

Mkutano wa kitengo. Mkuu alikuwa na orodha: vyeti kumi na tisa, vyote tangu katikati ya Machi. Alisoma kwa sauti ya huzuni, simlaumu. Akasema uamuzi umeshatoka juu: Bi Wino aondolewe kwenye vyeti, apelekwe chumba cha majalada akapange faili, na ashauriwe kustaafu mapema. Akasema, "Kila chombo kina siku zake." Bi Wino alikuwa anatazama mbele, mahali ambapo sasa najua haoni kitu.

Aliniambia nisiseme. Nimeligeuza hilo kichwani tangu saa ile. Huenda nilimtii kwa siku tisa kwa sababu utii ule ulinifaa.

Nikasimama. Sikuona nimesimama mpaka nilipoona wote wananitazama.

"Mkuu, kompyuta ya Bi Wino niliigusa mimi. Tarehe kumi na mbili Machi nilizima sauti zake zote za onyo bila ruhusa yake. Aliponiuliza nikamdanganya. Makosa yote yameanza baada ya siku hiyo. Angalia tarehe."

Mkuu akaangalia orodha. Redio kinywa wazi.

"Sauti?" akasema mkuu. "Onyo si linaonekana pia kwenye skrini? Sauti zina uhusiano gani?"

 Nilikuwa nimefika mahali alipokuwa ameniambia nitafika. Lake sikuwa na haki ya kulisema, na bila lake langu halikuwa na uzito. Nikabaki nimesimama kama mti.

"Keti," akasema Bi Wino. Kisha, kwa sauti ile ile aliyomwombea radhi fundi cherehani: "Sioni vizuri, mkuu. Nilificha. Nilikuwa nafanya kazi kwa masikio. Huyu alinizibia masikio bila kujua, na alipojua alikaa kimya. Hayo mawili ndiyo yaliyoharibu vyeti. Langu nalibeba. Lake abebe mwenyewe."

Mkuu alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Aliuliza, taratibu, "Umepimwa macho?"

"Nimepimwa masikio," akasema Bi Wino, na Redio, maskini, akashindwa, akacheka. Na Bi Wino mwenyewe pembe ya mdomo ikacheza kidogo. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 26 Aprili

Barua ya onyo kwenye jalada langu. Nimeondolewa kwenye kuhakiki, nimewekwa kaunta na Redio kwa miezi sita. Nimesaini. 

Alhamisi, 2 Mei

Bi Wino ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishangaa alivyokuwa anavuka barabara. Amesema ni upasuaji mdogo, watu wanafanyiwa kila siku. Miaka miwili amejificha kwa sababu ya kitu chenye dawa. Redio ndiye aliyeniletea habari. Mimi hajaniambia.

Alhamisi, 9 Mei

Amefanyiwa la kulia. Nilikwenda hospitali, nikafika mpaka mlango wa wodi. Binti yake alikuwa anamsomea gazeti. Nikageuka nikarudi.

Jumatatu, 13 Mei

Kaunta unaona nyuso. Nilipokuwa ndani nilikuwa naona fomu. Leo baba mmoja alikisoma cheti cha mwanawe mpya kwa sauti mbele ya foleni nzima, neno kwa neno, hadi namba ya usajili.

Jumanne, 21 Mei

Bi Wino amerudi kazini, jicho moja safi, jingine lasubiri mwezi ujao. Akapita kaunta, akasimama mbele yangu, akanitazama. Kwa kweli akanitazama, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili.

"Kumbe mdogo hivi," akasema.

Nikamsalimia. Akaitikia, mkato.

"Sijakusamehe," akasema. "Nimejaribu, moyo haujawa tayari. Lakini kile cheti kimesahihishwa, nimekichapa mwenyewe. Ijumaa tunakipeleka, mimi na wewe. Mlinzi wa makaburi ameshabadilisha daftari lake, nilikwenda jana."

"Ndiyo, Mama."

Ijumaa, 24 Mei

Mvua imeacha. Njia ya sokoni ilikuwa bado na madimbwi, Bi Wino akayaruka moja moja, akiyatazama chini kwa furaha aliyojaribu kuificha. 

Kibanda cha fundi ni chembamba, cherehani mlangoni, vitambaa vimepangwa hadi darini. Alisimamisha gurudumu alipotuona. Bi Wino akamwambia kwamba cheti kimekamilika, akanigeukia, akangoja.

Nikamweleza fundi yote. Nilifikiri baada ya kulisema mara tatu, kwa dada, kwa Bi Wino, mbele ya mkutano, litakuwa jepesi. Halikuwa. Kusema "zilikuwa zinaniudhi" mbele ya yule mama kulinichukua pumzi zote. Nikamwambia pia kwamba siku ile alipokuja nilikuwa nimekaa pale pale, nikafungua droo.

 Alipokea cheti, akakishika kwa ncha za vidole ili mafuta ya cherehani yasikiguse. Akakitazama. Kisha akanirudishia.

"Jina hili mimi nimelisoma sana peke yangu," akasema. "Hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitamka. Lisome wewe."

Nikalisoma. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama ya mtu anayejificha.

"Sikusikia," akasema fundi.

Nikavuta pumzi, nikalisoma jina la mtoto yule, lote, herufi zake zote, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mpita njia mmoja akageuka. Fundi akafumba macho.

"Tena," akasema.